Magendo, Ushuru na Vipeto: Istilahi Zinazohitaji Kutenganishwa

Miongoni mwa nyanja ambazo Kiswahili kimeingia kwa kasi katika miaka ya karibuni, uwanja wa sheria ndio unaowadai wafasiri uangalifu mkubwa kuliko zote. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria pamoja na sheria nyingine, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Mwaka huohuo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako Arusha, walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Tangu hapo maandishi mengi ambayo zamani yalishughulikiwa na wataalamu wachache kwa lugha ya kigeni yamefika mezani kwa mfasiri, kwa mwalimu na kwa karani wa wilaya.

Katika makala haya tutaeleza istilahi za sehemu moja tu ya maandishi hayo, yaani sheria zinazohusu mizigo midogo iingiayo nchini kutoka ng'ambo. Sheria huutazama mzigo mdogo kwa macho mawili. Kwa jicho la kwanza huona mapato ya Serikali yanayoweza kupotea. Kwa jicho la pili huona dawa za kulevya zinazoweza kufichwa ndani yake. Makosa haya mawili hayalingani kwa uzito wala kwa adhabu. Hata hivyo, lugha yetu ya kila siku huyaita yote kwa neno moja, magendo. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba mfasiri asipoyatenganisha mambo haya kwa maneno, atamfikisha mwananchi mahali ambapo sheria yenyewe haikukusudia kumfikisha.

Kisongo kama mahali pa kupimia

Ili maelezo yasielee hewani, yafaa tuyapime mahali panapojulikana. Kisongo iko magharibi ya jiji la Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Makuyuni na Dodoma. Jina lake ni jina pia la mkondo mmoja mkubwa wa Wamaasai. Hapo upo Uwanja wa Ndege wa Arusha, ambako ndege ndogo hupaa kwenda mbugani. Lipo Gereza Kuu la Arusha, ambalo watu wengi huliita gereza la Kisongo. Karibu na hapo, katika eneo la Lakilaki, iko pia taasisi ya Umoja wa Mataifa inayomalizia kazi za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Kutoka mjini Arusha, barabara ya Longido huelekea Namanga, mwendo wa kilomita zipatazo 110, ambako Tanzania na Kenya zilizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani mwezi Desemba 2018. Kwa upande wa mashariki uko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971. Na katika miteremko ya Mlima Meru, hususan Kisimiri Juu wilayani Arumeru, vyombo vya dola vimefanya operesheni za kuteketeza mashamba ya bhangi.

Kwa hiyo mkazi wa Kisongo huishi karibu na uwanja wa ndege, mpaka, shamba lililokatazwa na gereza. Maneno ya forodha na ya dawa za kulevya humfikia redioni, posta, kituo cha polisi na mahakamani. Tena wapo miongoni mwa wakazi hao ambao lugha yao ya kwanza ni Kimaasai au Kimeru, na ambao mahakamani huhitaji mkalimani. Mkalimani hawezi kufafanua katika Kimaasai jambo ambalo halikufafanuka katika Kiswahili.

Forodha, ushuru, kodi na tozo

Tuanze na maneno ya msingi. Forodha ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa mahali pa pwani ambapo mizigo huteremshwa. Wakazi wa Unguja bado wanalo jina la Forodhani kwa mahali pa namna hiyo. Baadaye neno hili lilipanuka maana, likawa jina la idara na la kazi ya kukagua na kutoza bidhaa zinazovuka mpaka, hata mpaka wa bara usio na chombo wala gati. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kosa kwamba Namanga pana forodha.

Ushuru nao hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi. Siku hizi maana hiyo ya hesabu imekufa, kwani kiasi kinachotozwa huwa kidogo au kikubwa kuliko sehemu ya kumi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ushuru wa Pamoja wa Forodha ulioanza kutumika mwaka 2005 ulikuwa na viwango vitatu: sifuri, 10 kwa mia na 25 kwa mia. Mwezi Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne cha 35 kwa mia kwa baadhi ya bidhaa.

Mfasiri yampasa azingatie tofauti hizi. Ushuru wa forodha hutozwa kwa sababu bidhaa imevuka mpaka. Ushuru wa bidhaa hutozwa aina fulani za bidhaa, kama vile vileo na sigara, ziwe zimetoka nje au zimetengenezwa nchini. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya matumizi. Ada ni malipo ya huduma, na tozo ni jina la jumla la makato mengine yaliyowekwa na sheria kwa kusudi maalumu. Anayeandika kodi kwa yote hayo humfanya msomaji aamini kwamba analipa jambo moja, na anapoonyeshwa stakabadhi yenye mistari minne hudhani ameibiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa Kisongo ameagiza bidhaa ambayo thamani yake ya forodha ni shilingi 100,000, nayo iko katika kundi la 25 kwa mia. Ushuru wa forodha ni shilingi 25,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni 18 kwa mia, huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya shilingi 125,000, nayo huwa shilingi 22,500. Bila kuhesabu tozo nyingine, mwalimu huyo amekwisha kudaiwa shilingi 47,500. Hesabu hii haieleweki kwa mtu ambaye maneno ushuru na kodi kwake ni pacha wasiotofautika.

Kipeto, kifurushi na mzigo

Watumishi wa posta nchini wamezoea kusema barua, vifurushi na vipeto. Mazoea haya ni mazuri na yahifadhiwe. Kipeto ni kitu kidogo kilichofungwa, ambacho husafirishwa pamoja na barua. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874, uzito wake hauzidi kilo 2. Kifurushi ni kikubwa zaidi, nacho hushughulikiwa kwa utaratibu wake. Mzigo ni jina la jumla, nalo halifai kuwa istilahi ya sheria pale ambapo aina yenyewe yapasa kutajwa.

Neno kifurushi limepata mashaka mapya. Makampuni ya simu hulitumia kwa maana ya kiasi cha muda wa maongezi au cha intaneti kinachonunuliwa kwa pamoja. Kijana akiambiwa kuwa vifurushi kutoka nje vitatozwa, aweza kufikiri kwamba ni simu inayotozwa. Tangazo la Serikali basi liseme vifurushi vya posta, au vifurushi na vipeto vinavyoingia nchini, hata kama sentensi itarefuka kidogo.

Juu ya kipeto hubandikwa karatasi ya tamko la forodha. Mashirika ya posta duniani huitambua kwa alama CN 22, na kwa vitu vya thamani kubwa zaidi hutumika CN 23. Humo mtumaji hutaja kilichomo, uzito na thamani, na huonyesha kama ni zawadi, sampuli au bidhaa ya kuuzwa. Neno tamko ndilo linalofaa. Wapo wanaoandika tangazo, lakini tangazo huelekezwa kwa umma. Na wapo wanaoandika ungamo au ukiri, maneno ambayo humfanya mtumaji kuwa mkosaji kabla hajakosa. Tamko ni kauli ya mtu anayewajibika kwa ukweli wake. Akitamka uongo, hilo ni kosa linalojitegemea.

Neno zawadi nalo lastahili onyo. Watu wengi huamini kwamba kitu kikiandikwa zawadi hakitozwi. Katika tamko la forodha neno hilo hueleza sababu ya kutumwa tu. Kama kitu hicho kimesamehewa ushuru au la, hilo huamuliwa na sheria.

Ukomo wa msamaha

Tumefika sasa kwenye dhana ambayo imezua mjadala mkubwa duniani. Nchi nyingi huweka kiasi fulani cha thamani ambacho mzigo ukiwa chini yake hautozwi ushuru wa forodha, kwa sababu gharama ya kuutoza yaweza kuzidi ushuru wenyewe. Wanasheria huiita dhana hii kwa Kilatini de minimis, yaani kuhusu mambo madogo mno.

Baadhi ya wafasiri wameandika kima cha chini. Tafsiri hii haifai. Mfanyakazi akisikia kima cha chini hukumbuka kima cha chini cha mshahara, yaani kiasi ambacho mtu hapaswi kulipwa pungufu yake. Dhana tunayoieleza huenda kinyume cha hapo: ni kiasi cha juu ambacho msamaha hauvuki. Katika maandishi ya bajeti ya Serikali tumekwisha kuzoea neno ukomo, kama katika ukomo wa bajeti, kwa maana ya kikomo kilichowekwa na mamlaka. Tunapendekeza basi ukomo wa msamaha wa ushuru, au kwa ufupi ukomo wa msamaha. Maneno mzigo umevuka ukomo wa msamaha humweleza mpokeaji, bila ufafanuzi zaidi, kwa nini anadaiwa.

Yaliyotokea Marekani yanaonyesha jinsi dhana hii ilivyofungamana na dawa za kulevya. Mwaka 2016 nchi hiyo ilipandisha ukomo wake wa msamaha kutoka dola 200 hadi dola 800 kwa mtu mmoja kwa siku. Biashara ya kuagiza vitu kwa intaneti ikakua mno, na katika mwaka wa fedha 2024 mizigo iliyoingia kwa msamaha huo ilizidi bilioni 1.3. Serikali ya huko ilidai kwamba wingi huo, pamoja na uchache wa habari zilizotakiwa, uliwapa nafasi wanaoingiza fentanili, dawa kali ya kulevya ambayo kiasi chake kidogo huua. Msamaha ulisitishwa kwa bidhaa za Uchina na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, kisha kwa bidhaa za nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Mashirika mengi ya posta duniani yalilazimika kusimamisha kwa muda upelekaji wa mizigo huko. Umoja wa Ulaya, kwa sababu za mapato na ushindani wa haki, ulikuwa umeondoa tangu tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo isiyozidi yuro 22.

Mwandishi wa habari anayeripoti mambo hayo kwa Kiswahili hana budi kuangalia. Akiandika kwamba Marekani imepiga marufuku vifurushi vidogo, amekosea, kwani kilichoondolewa ni msamaha. Mizigo iliendelea kuruhusiwa kisheria, ila kwa kulipiwa.

Katika Jumuiya yetu zipo nafuu mbili zinazochanganywa mara kwa mara na ukomo huo. Ya kwanza ni ya abiria, ambaye husamehewa ushuru wa vitu alivyonavyo safarini hadi kiasi cha thamani na kwa masharti yaliyotajwa na sheria. Ya pili ni ya mfanyabiashara mdogo wa mpakani, ambaye hutumia cheti rahisi cha uasili kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ambazo thamani yake haizidi dola 2,000. Nafuu hizi hazihusu kipeto kilichotumwa kwa posta kutoka ng'ambo. Mfasiri azitaje kwa majina yake, yaani msamaha wa abiria na utaratibu rahisi wa biashara ya mpakani.

Miguu miwili ya magendo

Kati ya mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na Novemba 1983, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Bidhaa za lazima ziliadimika, na njia za panya zikapata wapitaji wengi. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, maneno magendo, ulanguzi na uhujumu yalitamkwa pamoja kila siku mpaka mipaka yake ikafutika. Katika nchi jirani ya Uganda, enzi za Idi Amin, magendo lilikuwa jina la uchumi mzima wa kificho. Neno hili limebeba historia hiyo, na katika masikio ya wengi hubeba karipio zaidi ya maana.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huipa dhana ya magendo miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kuingiza au kutoa bidhaa kwa dhamira ya kuinyima forodha mapato yake. Mguu wa pili ni kuingiza au kutoa bidhaa kwa kukwepa katazo, zuio au sharti lililowekwa. Aliyevusha sukari usiku bila kulipa ushuru anasimama juu ya mguu wa kwanza, kwani sukari ni bidhaa halali. Aliyeficha heroini ndani ya kipeto anasimama juu ya mguu wa pili, na hata angetaka kulipa ushuru asingeweza, kwa sababu dawa za kulevya zinazodhibitiwa kimataifa zimo katika orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku.

Tunapendekeza magendo libaki kuwa jina la jumla, na kila mguu upewe jina lake: magendo ya kukwepa ushuru na magendo ya bidhaa marufuku. Vilevile neno zilizozuiliwa lisitumiwe ovyo. Sheria hutofautisha bidhaa zilizopigwa marufuku, ambazo haziingii kabisa, na bidhaa zenye masharti, ambazo huingia kwa kibali. Mofini ya hospitali ni mfano mzuri: ikiwa na kibali ni tiba ya maumivu makali, na pasipo kibali ni kosa. Mamlaka husika huziita dawa za namna hiyo dawa tiba zenye asili ya kulevya, istilahi ndefu lakini sahihi.

Kipimo nacho hutofautiana. Katika ushuru kipimo kikuu ni thamani. Katika dawa za kulevya kipimo kikuu ni aina na uzito, na adhabu yaweza kufika miaka 30 au kifungo cha maisha. Gramu chache huweza kumtenga mtu na jamaa zake kwa umri wake wote.

Kusafirisha, kulangua na biashara haramu

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ina kosa moja pana ambalo ndani yake yamo kuingiza, kutoa nchini, kununua, kuuza, kumpa mtu, kugawa, kuhifadhi, kumiliki, kuzalisha, kutengeneza, kuchukua na kufikisha. Magazeti na hata hati za mashtaka hulitafsiri kosa hili kwa neno kusafirisha. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekutwa na bhangi chini ya kitanda chake huambiwa kuwa alikuwa akisafirisha. Yeye hujibu kwa unyofu kwamba hakusafiri wala hakumtuma mtu. Mkalimani humgeuzia neno hilo katika Kimaasai kwa maana ya kupeleka mahali, naye huzidi kukana. Sheria inasema jambo moja, na mshtakiwa anajibu jambo jingine.

Wenzetu wa Kenya hutumia ulanguzi wa dawa za kulevya au ulanguzi wa mihadarati. Tanzania neno ulanguzi limekwisha kukaa katika maana ya kununua bidhaa na kuziuza tena kwa bei ya kuruka, kama wafanyavyo walanguzi wa tiketi za mabasi. Hivyo neno lililo sahihi upande mmoja wa Namanga hupotosha upande wa pili.

Tunapendekeza biashara haramu ya dawa za kulevya kwa kosa pana, na kusafirisha libaki kwa tendo la kuchukua kitu kutoka mahali hadi mahali. Ni kweli kwamba biashara huashiria faida, na aliyegawa bure hakutafuta faida. Kwa hiyo istilahi peke yake haitoshi. Hati ya mashtaka na itaje pia tendo lenyewe: biashara haramu ya dawa za kulevya kwa kuhifadhi, au kwa kuuza, au kwa kuingiza nchini. Nyongeza ya maneno mawili au matatu humwezesha mshtakiwa kujua anajibu nini.

Majina ya dawa zenyewe

Kwa kuwa dawa ni nomino ambayo umoja na wingi wake ni sawa, sarufi yataka dawa za kulevya. Umbo madawa ya kulevya limeenea sana, na wapo wanaolitetea kwamba huonyesha ubaya na wingi. Katika mazungumzo hatuna ugomvi nalo. Katika maandishi ya Serikali tufuate jina lililomo katika sheria, yaani dawa za kulevya. Mihadarati, neno lenye asili ya Kiarabu, hueleweka na lina nafasi yake katika fasihi na habari.

Mirungi yatupa funzo maalumu. Mmea huu hustawi sana Meru ya Kenya, ambayo msomaji asiichanganye na Mlima Meru wa Arusha. Huko huitwa miraa, na sheria ya Kenya huitambua kuwa zao la biashara. Ukivuka Namanga huitwa mirungi, au gomba mitaani, na sheria ya Tanzania huihesabu kuwa dawa ya kulevya. Mmea ni uleule, ila jina na hukumu vimebadilika. Mfasiri wa hati ya Tanzania aandike mirungi, na wa hati ya Kenya aandike miraa. Katika hati ya Jumuiya aandike yote mawili mara ya kwanza, ili asitokee msomaji wa kudhani ni mimea miwili.

Istilahi moja iliyoundwa vizuri ni kemikali bashirifu. Hizi ni kemikali halali za viwandani au maabara ambazo huweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya. Mzizi wake ni kubashiri: kemikali hubashiri dawa ambayo bado haijatengenezwa. Umbo lake limefuata njia ya maneno kama angalifu na vumilivu. Walimu wanaweza kuitumia kuwaonyesha wanafunzi jinsi lugha inavyojitosheleza.

Mpokeaji, mwagizaji na mwenye mzigo

Mbinu moja ya wafanya biashara haramu ni kuandika juu ya kipeto jina na anwani ya mtu asiye na habari. Kwa sababu hiyo lugha ya taarifa ya kwanza ya polisi au ya posta ina uzito mkubwa. Mpokeaji ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Mwagizaji ni yule aliyetaka kitu kitumwe. Mwenye mzigo ni yule mwenye mali. Watu hawa waweza kuwa mmoja, wawili au watatu. Karani akiandika mwenye mzigo alikamatwa kabla ya uchunguzi, amekwisha kutoa hukumu kwa neno.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya unaruhusu maofisa kuuacha mzigo unaoshukiwa uendelee na safari chini ya macho yao, ili wajulikane wahusika halisi. Kwa utaratibu huo tunapendekeza ufikishaji chini ya uangalizi. Faida yake kwa mwananchi ni kwamba uchunguzi husaidia kumtenga mwagizaji na mpokeaji asiyejua.

Kwa upande wa mali, yatofautishwe matendo matatu. Kushikilia ni kuuweka mzigo kwa muda mpaka hati zikamilike. Kukamata ni kuuchukua kwa madai kwamba kosa limetendeka. Kutaifisha ni kuufanya uwe mali ya Serikali kwa nguvu ya sheria. Neno hili la mwisho lilipata umaarufu wake kutokana na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipotumika kwa mabenki na viwanda. Mahakamani siku hizi hutumika hata kwa gari moja au kipeto kimoja. Anayeambiwa mzigo wake umetaifishwa hali umeshikiliwa tu hukata tamaa na kuacha kuufuatilia.

Kwa upande wa mtu, vivyo hivyo: mtuhumiwa hajashtakiwa, mshtakiwa hajahukumiwa, mahabusu anangoja, mfungwa anatumikia adhabu. Nyuma ya ukuta wa gereza la Kisongo hukaa mahabusu na wafungwa. Gazeti likiwaita wote wafungwa wa dawa za kulevya, huwavunjia baadhi yao haki ambayo Katiba imewapa, ya kuhesabiwa kuwa hawana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo.

Muhtasari wa mapendekezo

Kwa manufaa ya wafasiri tunaorodhesha istilahi zilizojadiliwa. Zile zinazopendekezwa zinangoja kujadiliwa na wadau kabla ya kusanifiwa.

Ushuru wa forodha: malipo yatozwayo kwa sababu bidhaa imevuka mpaka.
Tamko la forodha: kauli ya maandishi ya kilichomo, uzito na thamani.
Kipeto: kitu kidogo cha posta kisichozidi kilo 2.
Ukomo wa msamaha: thamani ambayo mzigo usiouvuka hautozwi ushuru.
Magendo ya kukwepa ushuru: upitishaji wa siri wa bidhaa halali.
Magendo ya bidhaa marufuku: upitishaji wa bidhaa zilizokatazwa.
Bidhaa zenye masharti: bidhaa ziingiazo kwa kibali.
Biashara haramu ya dawa za kulevya: kosa pana, litajwe pamoja na tendo.
Kemikali bashirifu: kemikali halali ziwezazo kutengenezea dawa za kulevya.
Ufikishaji chini ya uangalizi: kuuacha mzigo uendelee ili wahusika wajulikane.
Kushikilia, kukamata, kutaifisha: hatua tatu tofauti juu ya mali.

Wasomaji walioko kwenye vituo vya mpakani, ofisi za posta, mahakama za mwanzo na shule, hasa wakalimani wa Kimaasai na Kimeru, wanaombwa kutuarifu maneno wanayoyatumia wenyewe kwa dhana hizi, pamoja na mifano ya sentensi. Huenda kaunta moja ya posta au ukumbi mmoja wa mahakama umekwisha kupata neno lililo bora kuliko haya, nalo litapokewa kwa shukrani.